Mashine ni Nzima

Fundi alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya korido alipoitwa mapokezi, na namna tu alivyoitwa ilimjulisha kwamba mambo yameharibika. Metroni hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, akasimama chini ya ngazi na mikono kiunoni, akamwambia ashuke, mkewe amewatia matatani.

Mkewe ndiye aliyekuwa karani wa mapokezi wa zahanati ile ya wajawazito. Fundi alimkuta mbele ya kompyuta, anafungua orodha, anaifunga, anaifungua tena, kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta ufunguo. Majibu ya vipimo vya Jumatatu na Jumanne hayakuwemo, wala majina na namba za simu za waliopimwa. Orodha ilikwenda vizuri hadi Jumamosi, kisha ikaruka mpaka leo, Jumatano asubuhi, tupu kabisa. Mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama na matumbo yao, na wote walikuwa wamekaza masikio.

"Niliandika," mkewe alisema bila kumtazama mtu. "Siku zote mbili niliandika."

Karatasi ya kurudia haikuwepo. Mwezi huohuo Daktari mwenye zahanati alikuwa amefuta madaftari yote kwa mbwembwe, akitangaza kwamba hapa si genge la mkaa. Tangu hapo mpimaji aliyasoma majibu kupitia kidirisha cha maabara, karani akayaandika kwenye mashine, jioni vichupa vya damu vikatupwa, basi. Mjamzito mwenyewe huambiwa majibu akirudi wiki inayofuata. Lakini akiwa na jibu baya hutiwa alama nyekundu, na asubuhi yake Metroni humpigia simu aje mbio.

Na nyekundu ilikuwepo moja. Hilo ndilo lililomkausha karani midomo. Jana jioni, Metroni ameshaondoka, mpimaji alisoma jibu moja, kisha akasema huyu damu yake imebaki maji matupu na mimba ni kubwa, mtie nyekundu, asilale huyu. Karani akamtia nyekundu. Jina hakulishika. Nani atashika jina moja katika msururu wa majina? Ndiyo maana watu walibuni kuandika.

Mpimaji alipoulizwa alikuna shingo. Yeye husoma namba za vichupa, alisema, sura hazijui, na hayo ya nyekundu hayakumbuki vizuri. Alisema "vizuri" kwa sauti ndogo sana. Alikuwa na watoto wa kulisha kama mtu mwingine yeyote, na alishaona upepo unaelekea wapi.

Daktari alifika, koti jeupe limepigwa pasi hadi kwenye mikono, akasikiliza nusu ya habari, akamgeukia Fundi. Jumapili iliyopita Fundi alikuwa ameifanyia kazi mashine ile. Diski ilikuwa imekaribia kujaa, na kila siku kioo kilitoa alama ya njano pembeni kulalamika kwamba nafasi inakwisha. Akatia diski ya pili, akaikatia sehemu yake, akahamishia huko saraka ya var, ambayo kwenye mashine za Linux kama ile ndiyo stoo: humo ndimo hukaa kumbukumbu zote zinazoongezeka kila siku, na humo ndimo yalimokaa majibu ya wajawazito. Daktari alikuja kuona, akampiga begani na kusema, "Leo umefanya kazi ya mtu." Fundi alirudi nyumbani na bega lile kama amevishwa nishani.

Sasa Daktari alimwuliza mbele ya mabenchi yote, "Mashine yako ina kasoro au haina?"

Fundi akainama kwenye kioo. Diski mpya ipo mahali pake. Nafasi tele. Alama ya njano haipo. Angefungua kumbukumbu za mashine yenyewe, zile inazojiandikia kila saa, angeona nazo zimeruka siku zilezile mbili. Hakufungua. Kuna kitu ndani yake kiliogopa kukuta kitu, na watu walikuwa wanamtazama. Mwezi uliopita mashine ile iligoma kuwaka, ikasimama na kioo cheusi chenye maandishi meupe, na Daktari akamwita fundi wa pasi mbele ya wagonjwa wakacheka. Kicheko kile bado alikuwa nacho tumboni.

"Mashine ni nzima," alisema.

Hakufikiri kwamba anamhukumu mtu. Alikuwa anajikinga tu. Lakini mkewe alimgeukia, akamtazama kwa mshangao, kama aliyesukumwa na mtu aliyekuwa amemshika mkono. Daktari alikunja uso. Basi kama mashine ni nzima, alisema, mwenye kasoro ni mwandishi. Alikuwa na habari kwamba karani huyu husinzia mchana, na mtu anayesinzia anaweza pia kuota kwamba ameandika. Akampa hadi kesho adhuhuri aseme kweli, la sivyo ataondoka na barua ambayo haitamfungulia mlango wa zahanati yoyote. Akina mama wa Jumatatu na Jumanne warudi watobolewe upya, wale watakaosikia.

"Na yule wa nyekundu?" karani aliuliza.

"Nyekundu ipi?" alisema Daktari. "Nionyeshe."

*

Walirudi nyumbani pamoja. Mama yake Fundi, bibi aliyeishi nao, alikuwa barazani akishona vifungo kwenye shati, na kwa kuwaona tu akatoa sindano mdomoni akauliza nani amekufa. Mkwewe akamweleza yote. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, hadi alipofika pale mumewe aliposema mashine ni nzima. Hapo akapapita haraka, kama anavyopita mtu penye tope.

Bibi akasonya. Yeye tangu mwanzo, alisema, hakuona mantiki ya kumfanya shahidi kitu kisicho na mdomo. Daftari hata likiloa unaweza kulianika.

"Mama, si wakati wa mzaha," Fundi alisema.

"Nani anafanya mzaha? Kuna mtoto wa watu huko anatembea na tumbo na maji badala ya damu, wewe unasema mzaha."

Karani aliketi chini akavua viatu. Alikuwa anazipitia sura, alisema. Kulikuwa na mmoja mwenye kilemba cha buluu, na mmoja aliyekuja na mwavuli uliovunjika. Mmoja alikuwa mweupe wa viganja, lakini siku hizi nani si mweupe wa viganja. Machozi yalikuwa yanamtoka pole pole na yeye hata hakuyafuta. Alikuwa anaogopa kufukuzwa, ndiyo, kodi ya nyumba ilitegemea mishahara yote miwili. Lakini zaidi alikuwa anaogopa simu ya kumwambia kwamba mtu asiyemjua amekufa.

"Halafu ile njano yako," alisema baadaye, akitafuna kucha. "Ile alama ya kujaa. Uliniambia ukimaliza kazi ya Jumapili haitaonekana tena. Mbona juzi na jana ilikuwepo? Leo ndiyo haipo."

Fundi alikuwa anakunywa maji. Kikombe kilisimama hewani.

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Mara ya mwisho niliposema mbele za watu kwamba mashine ina kasoro, ulininunia hadi nikakuomba radhi mimi. Nikadhani ndivyo ulivyoiacha."

Akaelewa palepale. Hakuhitaji kioo wala kibodi. Aliiona kazi yake yote kama aliyefunuliwa tumbo la mashine. Kuipachika diski mpya juu ya stoo ya zamani ni sawa na kutandika mkeka mpya juu ya mkeka mkuukuu. Ule wa chini hauondoki, unafunikwa tu. Na yeye wa chini hakuufuta. Kwa tahadhari aliuacha na vitu vyake vyote. Jumapili jioni, alipomaliza, aliisukuma mashine chini ya meza kwa goti. Waya wa diski mpya ulikuwa na kichwa kilichovunjika, ameufunga kwa utepe, maana Daktari alikataa kununua mwingine. Waya ukalegea. Jumatatu asubuhi mashine ikawaka, mkeka mpya haupo, ikakaa juu ya ule wa zamani. Jumanne vilevile. Mkewe akaandika siku zote mbili humo, kwa uaminifu wote, alama ya njano ikimwonya pembeni. Leo alfajiri mfagizi, kama afanyavyo kila Jumatano, akaivuta mashine apige deki, akairudisha kwa kishindo, waya ukashika. Mkeka mpya ukatandikwa, na kila kilichoandikwa kikabaki chini.

Hakuna kilichopotea. Yule wa nyekundu alikuwa mzima humo ndani, na jina lake na namba yake.

Na kwa nini mashine haikupiga kelele Jumatatu ilipoikosa diski? Mashine ya namna ile ikikosa diski iliyoahidiwa husimama, huweka kioo cheusi, hukataa kuendelea mpaka fundi aje. Lakini yeye, kwa hofu ya kuitwa tena fundi wa pasi, alikuwa ameongeza neno moja dogo kwenye faili ambayo mashine huisoma inapowaka, mwishoni mwa mstari unaoitaja diski mpya. Neno la kuiambia: ukiikosa, usilalamike, endelea kama hakuna kitu. Hakuna aliyemtuma. Ni yeye aliyeifundisha mashine kunyamaza.

"Mwanangu, mbona umebadilika rangi?" mama yake aliuliza.

"Njaa," alisema Fundi.

Bibi alimtazama zaidi ya inavyohitaji njaa. "Mficha uchi hazai," alisema, akarudisha sindano kwenye kifungo.

Angesema wakati ule. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini aliona bega lile lililopigwa kwa sifa, akaona mabenchi yamejaa, akasikia Daktari akisema kwa hiyo ulitudanganya mbele ya watu. Wangemfukuza. Pengine wangewafukuza wote wawili, maana nani angesadiki kwamba hawakupanga. Akajiambia kesho alfajiri atakwenda kabla ya watu, aufunue mkeka, achukue yaliyo chini ayaweke juu, na Metroni akifika aikute orodha imejaa. Mashine imeyarudisha yenyewe, atasema. Hizi mashine zina mambo yake. Mke atakuwa amepona na yeye atakuwa amepona. Usiku mmoja tu. Alilikamata neno hilo "tu" akalishikilia kama bomba la basi.

Mkewe alikuwa ameshavaa viatu tena.

"Unakwenda wapi?"

"Kubisha milango. Wengi wao wanatoka vichochoro hivi vya kati yetu na zahanati. Nitauliza penye mjamzito. Lete tochi, taa za barabarani zimekufa."

*

Akamshikia tochi. Hilo halikuwa na kukataa.

Jua lilikuwa limezama tu, watu wakiondoa nguo kambani. Karani alibisha mlango wa kwanza, wa pili, akisimama mbali kidogo na kizingiti kama mtu anayekuja kuomba. Alikuwa na maneno yake ameyapanga: samahani kwa usumbufu, mimi ni wa zahanati, je, humu kuna mama mjamzito aliyepimwa damu juzi au jana? Mlango mmoja ulifungwa kabla hajamaliza. Mwingine kijana akamwambia humu hatununui kitu. Mwanamke mmoja akataka kujua tangu lini zahanati inatembeza watu jioni, kama wauza dawa za mende. Karani alishukuru kila mlango. Fundi alimulika miguu ya mkewe na hakuinua uso.

Kwenye nyumba yenye mlango wa bati alitoka mwanamume kifua wazi, mswaki mkononi.

"Mke wangu mnamtakia nini?"

Karani akaeleza tena. Nyuma ya mwanamume yule akatokea mkewe, mjamzito kweli, mkono ukutani. Alikuwa ameshasikia.

"Mimi nilipimwa Jumatatu," alisema. "Ni mimi?"

"Sijui, mdogo wangu. Nadhani yule alikuwa wa jana."

"Unadhani?"

"Majibu yamepotea. Njoo kesho mapema tukutoboe tena."

"Niambie tu kama ni mimi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alianza kujitazama viganja kwa mwanga wa tochi, akivigeuza. "Mbona vinaonekana vyeupe? Baba, njoo uone, si vyeupe hivi?"

Mume akamsukuma ndani taratibu, kisha akawaambia hao wawili kwamba wakija tena kumtia mkewe kiwewe jioni-jioni, watamkumbuka. Akafunga. Ndani mwanamke alisikika akilia.

Mlinzi wa zahanati alimjua Fundi. Angemfungulia sasa hivi, bila hata kuuliza. Dakika chache za kutembea. Alisimama na tochi, kisha akaizima kwa kisingizio cha kuokoa betri.

Walipofika kwenye ghala la mbao karani alisimama akajishika kiuno. Nyuma ya ghala kulikuwa na kichochoro kimoja kirefu bado hawajakigusa. Alitaka kuingia. Ni Fundi aliyesema basi, mke wangu, umechoka, watu wameanza kulala, tutaendelea kesho. Alisema kwa upole, na mkewe, aliyekuwa hajasikia upole tangu asubuhi, akakubali.

"Angalau wewe umetoka na mimi," alimwambia njiani. "Mimi nilidhani umeniacha."

Fundi alisema angemwachaje.

*

Alfajiri mlinzi alimfungulia bila kuuliza, kama alivyojua atafanya. Fundi aliketi mapokezi peke yake, mabenchi matupu mbele yake, akawasha. Alisimamisha programu ya majibu, akaipachua diski mpya, na stoo ya zamani ikafunuka.

Majibu yalikuwemo. Jumatatu, Jumanne, mstari kwa mstari, kila kitu mahali pake, hata pale mkewe alipokosea jina akalirudia. Kuna wazo lilimjia wakati ule ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kwa amri moja fupi angeweza kuyafuta yote ya chini, na duniani pasingebaki ushahidi kwamba aliwahi kukosea. Wazo lilikuja, likasimama, akaliona sura. Kisha akashuka na orodha hadi chini, na hapo ikamtokea ile nyekundu.

Mimba ya miezi minane. Jina. Namba ya simu. Mahali anapoishi: nyuma ya ghala la mbao.

Hakukumbuka tena mpango wa kuyarudisha kimya kimya. Alipiga namba ile kwa simu yake mwenyewe. Ililia sana. Aliyepokea hakuwa mwenyewe, alikuwa jirani, anahema. Mwenye simu ameanguka chooni alfajiri hii, alisema jirani, hasimami, hasemi vizuri, wako wanatafuta gari. Wewe nani?

Metroni ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini na mkoba wake. Fundi alimkimbilia, akamshika mkono, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Metroni, akamwambia yule wa nyekundu yupo, ameanguka, yuko nyuma ya ghala la mbao, gari, sasa hivi. Metroni alimtazama mara moja tu. Hakuuliza umejuaje. Alimwita dereva kwa sauti iliyoamsha mtaa, akapanda akikumbatia chupa za dripu, wakaondoka hata geti halijafunguka vizuri.

Daktari alifika wakati mabenchi yameshajaa. Karani alikuwepo, amesimama nyuma ya kiti chake bila kuthubutu kukikalia. Mpimaji alikuwepo kidirishani. Aliposikia simu ya Metroni kwamba wanampeleka hospitali kubwa na hali si nzuri, Daktari aliuliza orodha imetoka wapi. Akamgeukia karani. Kumbe usiku mtu anaweza kukumbuka, alisema. Kumbe ukitishwa barua akili inarudi.

Fundi aliona shingo ya mkewe inainama. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza kidogo tena na yangepita.

"Hakukumbuka kitu," alisema. "Aliandika tangu siku ile ile. Mashine haikuwa nzima. Nilisema ni nzima, haikuwa."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, waya, diski, stoo ya chini na stoo ya juu, lakini alipofika kwenye neno lile dogo alilieleza vizuri kabisa, kwamba alilitia kwa mkono wake ili mashine isije ikamwaibisha. Mama mmoja alisema taratibu, "Yesu wangu," na mwenzake akamwambia nyamaza tusikie.

Daktari hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mtu wa kubadilisha taa abadilishe taa. Alisema aweke funguo mezani, aende, na kitakachompata mwanamke yule akumbuke ni cha nani. Waya uliokataliwa kununuliwa haukutajwa na mtu. Kwa karani alisema tu, "Kaa, watu wanasubiri." Radhi hakuomba. Mpimaji alikohoa, akasema kwa kweli sasa anakumbuka kidogo.

Fundi aliomba dakika moja. Alifungua faili ile, akaenda mwisho wa mstari, akalifuta lile neno. Kisha akaweka funguo mezani, akapita kati ya mabenchi, na hapakuwa na aliyecheka.

*

Mkewe alirudi jioni. Bibi alikuwa amepika na kufunika. Fundi alikuwa amekaa pale pale barazani alipokaa jana, na tochi ilikuwa bado kwenye dirisha alipoiacha.

Karani hakuvua viatu. Alisimama mlangoni akatoa habari kwa sauti iliyochoka. Mama yule wamemwongeza damu, amefumbua macho, anaongea. Mtoto hawakumpata. Moyo wake ulikuwa umeshasimama walipofika. Metroni alikuwepo mama yule alipoulizwa mara ya mwisho mtoto alicheza lini, akasema jana jioni alicheza sana, hadi akamwambia mumewe aweke mkono asikie.

Bibi alijifunika uso kwa kanga.

"Leo umenisaidia mbele ya watu," mkewe alisema. "Nimeliona, na sitalisahau. Kosa la waya hata mimi ningelifanya. Kazi tutatafuta. Nina swali moja, na unijibu mara moja. Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo asubuhi. Kila mtu pale zahanati aliamini ni leo asubuhi. Mashine isingemsuta, mlinzi asingemsuta, hapakuwa na shahidi duniani ila kikombe cha maji kilichosimama hewani. Alitazama tochi dirishani. Hofu aliyoisikia wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote za siku zile mbili, kwa sababu hii haikuwa ya Daktari.

"Jana," alisema. "Uliposema habari ya alama ya njano."

Mkewe alirudi nyuma kwa mawazo, mlango kwa mlango. Midomo yake ilicheza kidogo. Alipita kwa yule wa mswaki, akapita kwa yule mwanamke aliyegeuza viganja vyake, akafika kwenye ghala la mbao, akasimama hapo.

"Ulijua," alisema, "tukiwa tunatembea."

"Ndiyo."

"Sasa ile tochi ulikuwa unanimulikia nini?"

Hakungoja jibu. Alivua viatu akavishika mkononi, akaingia ndani, akahamishia mto wake chumba cha bibi.